Upana wa Kiganja

Nilinunua kopo la rangi Jumatatu,
kijani kile kile cha kiwandani,
na muuza duka pale Vsetín akaniuliza,
"Ni lango, Bi Bohdana, au ni ua?"
Nikamwambia ni keezo.
Akacheka: "Unampamba bi harusi wa miaka sitini?"

Theluji ilikuwa bado imekalia paa la gereji.
Nililikuta pale pale, tani moja na ushei ya ukimya,
tangu daktari alikataze kazi bega langu la kulia.
Kifuniko cha gia kimechubuka
pale goti langu lilipozoea kuegemea.
Kwenye kishikio jasho lilikwisha kula rangi zamani,
chuma kinang'aa kama kijiko cha mtoto.

Shemeji yangu Zbyněk anajua kuuza:
amewahi kuuza hata ng'ombe mwenye chongo.
"Paka," anasema. "Mnunuzi hula kwa macho kwanza."
Lakini Květa wa karakana ya jirani,
aliyenifundisha kusikiliza beringi
kwa bisibisi iliyogusishwa sikioni,
anasema, "Mimi nikiona rangi mbichi, naondoka.
Aliyenawa uso sasa hivi, alikuwa analilia nini?"

Kizuri chajiuza, ndiyo.
Ila sijaona keezo likipanda kilima hiki
kwenda kujitafutia mteja.

Nikaanza na msasa, ili rangi ishike.
Chini ya kijani, buluu.
Chini ya buluu, kijivu.
Karibu na mguu wa nyuma msasa ukabadili sauti,
ukawa laini, ukatoa vumbi jeupe.
Gundi ngumu. Nikaikwangua kwa kisu.

Ufa.
Upana wa kiganja, umechomelewa na mtu mwenye subira,
kisha ukafichwa.

Nikaketi juu ya ndoo.
Miaka ishirini na sita!
Mzee Hynek Vrba aliniuzia akinitazama machoni,
akaniongezea na chupa ya pombe ya plamu,
na mimi nikaenda mazishini kwake na maua.
Niliita hasira. Ikaja nusu.
Maana ni keezo hili lililokereza bushi
za milango ya tramu, maelfu kwa maelfu,
na maikromita haikunisuta.
Nikilipa mkopo, nikimsomesha Ludmila,
ufa ulikuwa hapo chini,
ukitetemeka pamoja nami, usifunguke.
Ningeuona siku ile, nisingenunua.
Hilo ndilo linaloniudhi, Mzee Vrba:
uwongo wako ulinifaa.

Jumatano usiku nikapaka.
Kitanda, miguu, kifuniko cha gia.
Kishikio sikukigusa.
Nilipofika kwenye ufa, brashi ikadondosha tone,
nikalifuta haraka kwa tambara la mafuta ya taa,
nikauzunguka
kama mtu afagiaye akimkwepa paka aliyelala.
Sijui kama huo ni ukweli
au ni namna nyingine ya kupamba.

Alhamisi akaja Radovan kutoka Žilina,
kijana, na trela la kuazima.
Alipita rangi yote mpya bila kuitazama,
akapiga magoti hapo hapo.
"Na hili?"
"Limenitangulia. Mimi nimelijua Jumanne."
Akalipapasa kwa kidole gumba, kama anayepima homa.
Akaniomba niliwashe. Nikaliwasha.
Akasikiliza kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo,
kisha akataka nipunguze koruna elfu nne.
Tukamalizana kwenye tatu.

Tulipokwisha kulifunga minyororo
alirudi gerejini peke yake, kana kwamba amesahau glavu.
Nikamkuta ameshika kopo, analitikisa,
theluthi ya rangi bado ikicheza ndani.
"Na hii," aliuliza, bila kunitazama,
"inakwenda pamoja na mashine?"