Zisivuje

Jumanne, kwenye foleni ya hati za viwanja,
kidole kiliteleza,
simu ikafumbua kinywa mbele ya watu arobaini:
"Mbukwa, mwanangu. Nimesikia kodi imekushinda.
Yule mbuzi mwekundu nitamuuza,
baba yako usimwambie."
Mama huongea na simu
kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya korongo.
Nilikuwa nimevaa tai.
Mlinzi akatazama viatu vyangu.
Mwanamke mwenye faili la kijani akanisogezea nafasi kwenye benchi,
na huruma yake ndiyo iliyonichoma.

Kwa hiyo Jumamosi niko Barabara ya Saba,
elfu arobaini ndani ya soksi ya kushoto,
natafuta hedifoni ya kutuziba, mimi na mama yangu,
tubaki wawili katikati ya watu.

Za kuchomeka tunduni sizitaki tena:
mbili zilipotea, moja imemezwa na choo cha stendi.
Zile kubwa zenye vitundu mgongoni, kama chujio la chai,
zina sauti pana, nakiri,
ukizivaa unahisi ukumbi mzima umekuzunguka.
Ila utamu wake humwagikia jirani,
na upepo wa Dodoma, usiojua hodi,
hupitia humo humo na vumbi lake.
Hizo ni za mtu mwenye chumba chake.
Chumba changu, habari zake mmeshazisikia.

"Nataka zilizozibwa mgongo," namwambia Ndahani.
Duka lake upana wake ni mlango.
Analeta tatu.
Ya kwanza inabana kama mdai.
Ya pili ina besi ya kupiga ngoma hata msibani;
sauti ya mama itazama humo, kokoto ndani ya pipa.
Ya tatu nyeusi, jina la kampuni limekosewa herufi moja,
lakini inakunjika, magoti yake hayalalamiki,
inaingia mfuko wa koti,
na waya unachomoka: ukikatika
unanunua waya, hununui kichwa kizima.
Mwezi wa kumi masikio yatatoka jasho.
Na yatoke.

"Thelathini na tano."
"Zinavuja?"
"Hazivuji."
Kila muuza ndoo husema hivyo.

Hapo nikakwama.
Mtu hawezi kupima mwenyewe kinachomtoka.
Lazima azivae mwingine,
mimi nisimame nje, nitege sikio.
Na bando limekwisha, wimbo sina;
simuni yumo mama tu.

Nikamvisha Ndahani. Nikabonyeza.
Nikapandisha sauti hadi juu kabisa.
Nikarudi nyuma, umbali wa watu wawili kwenye benchi:
kimya.
Nikasogea. Bodaboda, muuza karanga, mtu anagombana na chenji yake,
lakini mama, kimya.
Nikainama shavuni kwake mpaka nikanusa sabuni ya mche.
Kimya.

Ila uso wake ulivuja.
Midomo iliitikia salamu bila sauti.
(Sikuwa nimemuuliza kwao ni wapi.)
Penye kodi nyusi zilipanda.
Kisha akafumba macho, akabaki hivyo.
Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Mteja aliyeulizia chaja hakujibiwa, akaenda zake.

Akazivua. Akafuta mito kwa pindo la shati,
akazikunja taratibu
kama anayekunja barua isiyo yake.
"Hazivuji," akasema. "Nipe ishirini na nane.
Na yule mbuzi asiuzwe. Ana mimba."

Nilihesabu noti nikiinamisha kichwa.
Habari ya mimba nilikuwa sijaisikia.
Kule kwenye foleni, kwa aibu ya tai yangu,
mama nilimkatiza katikati.