Manchesta Hakuwa Mtu

Babu yangu Ekwaru alimjua Manchesta
kama unavyomjua mkwe mgumu:
hujawahi kumwona akila, lakini unalipa.

Mwaka ule pamba ilijaa uani,
nyeupe hata kuku weupe wakapotea ndani yake.
Karani wa kinu akasoma simu, akavua miwani:
"Manchesta ameshusha bei."
Babu akauliza: amekasirishwa na nini?
Ana watoto? Ng'ombe wake wamekufa?
Karani alicheka mpaka akamwaga wino.
Kodi ya kichwa haikushuka.
Kichwa kilikuwa kilekile.

Shuleni Ngora ndipo nilipoambiwa ni mji.
Matofali mekundu, mabomba ya moshi,
mvua isiyongoja mtu apande: inanyesha tu.
Mji wenye bahari mbali, ukachimba mfereji
meli zikapandishwa hadi mlangoni
kama mbuzi warudio zizini.
Mwalimu Isamat alichora mfereji ubaoni kwa chaki ya buluu.
Hakuchora Kumi.

Wala hakutaja wasichana.
Hao niliwakuta mwenyewe, katika kitabu kisicho na jalada:
wasichana wa viatu vya mbao
walioamka gizani, wakasimama katikati ya mitambo
yenye kishindo cha kuua masikio,
wakajifunza kusema kwa midomo bila sauti.
Umbea, uchumba, njaa, yote kwa midomo mitupu.
Hewa ilikuwa nyuzi. Walikohoa nyuzi.
Pengine mmoja wao, siku moja,
alikohoa shamba letu.

Kisha pamba ikarudi, imekunjwa, ina mhuri.
Babu akanunua yadi nne za jasho lake
kwa fedha yote ya msimu
na kuku wawili juu.

Jumanne nimefungua robota.
Limepimwa kwa mizani ya kinu, ileile, kutu hadi kwenye ndoana;
kinu chenyewe kimebaki na popo.
Okurut huipunja kilo mbili kila robota,
anasema mizani ina desturi zake.
Ndani, koti la kijivu, la sufu, zito kama mtu aliyezimia.
Mfukoni ganda la peremende
na tiketi ya treni ya mjini. Jina la mji. Saa kumi na moja alfajiri.
Nani huyu anayeamka gizani hadi leo?
Nasikia vinu vya kule ni nyumba za kupanga sasa,
madirisha mapana, watu wanakunywa kahawa
pale kidole cha mtu kilipokatikia.
Kahawa, huenda ni ya mlimani hapo Bugisu.
Bei yake kashusha nani, sijui. Mimi ni fundi cherehani.

Akaja Opolot, mtoto wa jirani, mbio mbio:
"Mama, una kitu cha Manchesta?"
Nikampa koti. Nikampa na tiketi aone.
Akaligeuza nje ndani, ndani nje,
akatafuta nembo kifuani, mgongoni, shingoni.
"Hili si la Manchesta," akasema, kwa huruma,
kama daktari.
Akanunua jezi nyekundu kwa jirani yangu,
mpya, ya Kichina, rangi inatoka kwa jasho,
akaenda kwenye banda la video.

Jioni kelele ikapanda hadi kwenye mabati yangu.
Nikamuuliza apitaye kumetokea nini.
"Manchesta amepigwa, mama! Amepigwa tatu!"

Amepigwa. Kumbe ni mtu.
Laiti babu angekuwepo,
angeuliza kama ameumia sana.

Koti nitalikata, litatoa kaptula tatu za shule
na kofia, nikibana.
Tiketi nimeikunja mara nne
nikaiweka chini ya mguu wa cherehani,
ule mfupi.