Hodi Dukani Mwangu

Miaka kumi na mmoja nimewachapia watu barua
katika duka hili la Langoni, upana wake mikeka miwili:
kadi za harusi, maombi ya kibali cha punda,
risala za maulidi, wasifu wa vijana waendao Mombasa.
Kompyuta ile niliijua kama nyumba niliyozaliwa.
Ningeweza kuitembea gizani:
daka, kisha kiwanda, kisha msana,
na faili zangu zimekaa ndani ya zidaka zake
kama vikombe vya marehemu nyanya.

Ikazeeka. Kuwaka tu ikawa robo saa,
inadai pesa za leseni nisizokuwa nazo,
na kila flashi ya mteja inaniletea maradhi.
Famau, mtoto wa kaka yangu, akaniambia,
"Shangazi, iko nyingine. Ya bure."
"Ya bure? Na mwenyewe nani?"
"Ni ya watu wote."
Hapo ndipo nilipoogopa.
Cha watu wote, mtaani kwetu, ni bomba
linalovuja hadi alfajiri kila mtu akimngoja mwenziwe alifunge.

Aliiweka usiku, baada ya isha,
akamaliza mikate yangu ya mofa,
asubuhi akapanda boti la Mokowe.

Nami nikabaki.
Kitufe cha kufungia kimehamia kushoto.
Pale nilipozoea kuanzia pana vitone tisa
kama kete za bao walizozisahau wachezaji.
Nikitaka kurekebisha hata saa, naulizwa nywila.
Hodi!
Napiga hodi katika duka ninalolilipia kodi mimi.
Na kwenye kile kiwambo cheusi
nywila naiandika, haionekani, hata nyota moja;
ni kunong'ona mlangoni
usijue wa ndani wamesikia au wamelala.
Nimekosea mara tatu. Imejibu: samahani, jaribu tena.
Adabu inayo. Kufungua haifungui.

Saa nne akaingia Mwanamkuu
na maneno ya kupeleka kwa kadhi.
Hakukaa. Aliyataja kama anayesoma bei za sokoni:
matunzo ya miezi saba, karo ya watoto wawili,
na friji, friji ni yangu, andika hivyo, risiti ninayo.
Nikaandika. Herufi hizi si zile zangu, zina miguu myembamba,
lakini friji ni friji.

Ikaja zamu ya printa.
Printa iko mezani, waya umeingia, taa ya kijani,
na mashine inaapa kwamba hakuna printa.
Nikazima, nikawasha. Nikampigia Famau: hapatikani.
Jasho likanitoka chini ya buibui.
"Niwie radhi, dada. Nimewekewa kitu kipya,
sijui hata pa kushika."

Akacheka, ndiyo mara ya kwanza.
"Mimi leo siku ya tano kwa dada yangu, Mtamwini.
Usiku napapasa swichi ya taa
upande ilikokuwa kwangu.
Juzi nimefungua kabati, nikidhani choo."

Akavuta kigoda.
Akawa anasoma yeye, nabonyeza mimi.
Mipangilio. Vifaa. Ongeza.
Yeye ndiye aliyeliona, chini kabisa,
jina la printa kwa herufi ndogondogo;
jicho langu lilikuwa limelipita mara nne.

Karatasi ikatoka, pembe moja imepauka.
Akaiangalia mstari kwa mstari,
akaishia kwenye friji, akaikunja.
Pesa nilizikataa. Akaziacha juu ya kibodi,
shilingi ishirini, juu ya herufi M.

Magharibi nilipotaka kufunga
mkono wangu ukapanda wenyewe
kwenye kona ya kulia, ya miaka kumi na mmoja,
ukakuta ukuta.
Nikakata kipande cha karatasi,
nikakibandika kwa gundi ukingoni, kushoto:
MLANGO UKO HUKU.
Kesho, inshallah, nitaulizia sauti imekwenda wapi.