Uzito Usiong'aa

Umeme umekatika tangu saa moja,
na kutoka hapa Bagira, Kadutu haina kilima.
Zipo taa tu: koroboi, betri, tochi ya fundi simu,
zimening'inia hewani moja juu ya nyingine
kana kwamba nyumba zimesahau kuanguka.

Baba, mlima umeenda wapi?

Haujaenda, Nsimire. Tazama taa zinavyojipanga:
hapa zimebanana, pale zinashuka mstari mmoja,
kule pengo, korongo lilipokula nyumba masika yale.
Zifuate kwa kidole, mlima utarudi wenyewe.

Leo darasani nilichora gurudumu la nyota
kwa kipande cha mwisho cha chaki.
Nikasema: hizi za pembezoni zinakimbia mno.
Kwa uzito wa vinavyoonekana
zingekwisha kutawanyika kama mahindi ungo ukipasuka.
Kuna kitu kinazishika. Hakiwaki, hakitupi kivuli,
mwanga hupita ndani yake bila kupiga hodi.
Tunakiita maada giza. Jina la mkopo;
deni hatujalipa.
Bisimwa, dawati la nyuma: Mwalimu, kama mshahara wako?
Darasa likaangua kicheko. Nami pia,
maana hakukosea sana.

Mfano niliouhitaji ulikuwa nyumbani, unachambua maharagwe.
Mama yangu, M'Cirhuza, alibeba mizigo bandarini
miaka ishirini na miwili: muhogo, makaa, saruji,
kamba ikipita kwenye paji la uso.
Kamba aliitundika zamani.
Lakini juu ya nyusi zake pana bonde,
kidole changu kinaenea humo.
Magunia yale hakuna aliyeyaandika.
Mfupa uliyaandika.

Ndivyo watafutavyo wenye darubini:
hawauoni mzigo, wanatazama kilichopinda,
mwanga wa mbali uliofika umeinama
kwa kupita jirani na mzito asiyeonekana.

Na kabla ya nyota ya kwanza
giza lilitangulia kujikusanya, uzi kwa uzi,
likachimba mabonde yake kimya,
gesi ikatiririka humo kama mvua inavyoutafuta mto Kawa,
ikasongamana, ikapata joto,
ikawaka.
Taa zilikuja kukaa mlimani. Hazikuufinyanga.

Nilitaka kumwambia hayo Nsimire,
ila amekwisha sinzia begani mwangu,
mzito kuliko alipokuwa macho.
Simwoni hata nywele.
Naegemea kidogo upande wa pili
ndipo niweze kutembea.