Mstari wa Matope

Jumamosi, Kibosho, ghala la kahawa lisilo na kahawa tena.
Mwalimu Aisario amebandika ramani ukutani kwa gundi ya uji.
Mlima umechorwa vizuri,
theluji yake nyingi kuliko ya leo.
Chini yake mgeni ameandika: pori tupu.

"Sanduku la darubini alilibeba nani?"
Ndesario huyo, wa darasa la nne.
Mwalimu anafunua kitabu.
Wapagazi hamsini na wawili.
Hesabu ipo, majina hayapo.
Punda ana jina.

Ndewingia amechelewa,
ametoka kuzibua mfereji, matope hadi kiwiko,
mche wa mringaringa ndani ya kopo la rangi.
Anaisogelea ramani, anagusa neno pori,
anakishusha kidole polepole.
"Maji yanaingilia hapa. Zamu yetu Jumanne.
Hapa masale ya mpaka.
Hapa amelala mama mkwe."

Mwalimu anatafuta kitambaa,
kisha anaacha.

Saa nne tunateremka chemchemini na majembe.
Mche wa Ndesario umelala upande.
Anaushindilia kwa kisigino, anaunyoosha,
anahesabu mashimo yaliyobaki,
halafu ananigeukia:
hamsini na wawili, kweli?