Mengineyo

Ajenda zilikuwa sita. Ya sita, Mengineyo.
Tumekaa uwanja wa shule, Buzebazeba,
viti vya plastiki mbele, vya wageni wa manispaa,
sisi nyuma, kwenye madawati yaliyotolewa darasani,
na jua limetukalia utosini kama mdai wa kodi.

Kufungua kikao: dakika kumi.
Kutambulisha wageni: saa nzima,
maana kila aliyetambulishwa alimtambulisha mwenzake.
Taarifa ya utekelezaji ikasomwa mbiombio,
kama mtu avukaye mto wenye mamba.

Nikasikia: maji, changamoto.
Barabara ya Gungu, changamoto.
Taka za sokoni, changamoto.
Neno hilo nalijua. Nimelifunga kwenye pindo la khanga,
ndani ya karatasi ya kaka yangu Ntakije,
aliyebeba dagaa kwa baiskeli kutoka Kibirizi
hadi siku kifua kilipokataa mlima.
Daktari aliandika: changamoto ya upumuaji.
Hakuandika zaidi. Mwaka ule hata kalamu zilivaa barakoa.

Mengineyo ikafika, jua limeegemea upande wa Kongo,
mwenyekiti anatazama saa.
"Mama Leokadia. Dakika mbili."

Sikuleta hotuba. Nimeleta koki.
Hii hapa, ya plastiki, ya buluu, imepasuka mdomo.
Ilikuwa kwenye pipa la kunawia, lango la soko.
Mimi ndiye niliyelijaza, ndoo kumi na nne kwa siku,
bombani kwa Mzee Ruhomvya, ndoo shilingi mia,
nikiambiwa: andika tu, utarudishiwa.
Nimeandika. Kaunta buku hili hapa:
siku mia moja themanini na tisa,
ndoo elfu mbili mia sita arobaini na sita.
Wino wa kurasa za mwanzo umeanza kupauka.
Ndani ya pipa sasa wanataga kuku wa jirani.

Sidai hela peke yake. (Hela nayo naidai.)
Nauliza: zile fedha za kutuinua baada ya ugonjwa,
mlizozitangaza kwa spika ya gari mtaa kwa mtaa,
zilishukia kituo gani?
Kikundi chetu kilijaza fomu, tukapigwa picha
tumeshika hundi ya kadibodi, pana kama mlango.
Hundi hiyo tumezibia paa. Inavuja.
Na mitungi ya oksijeni pale kituo cha afya?
Nimeiona. Ni miwili, imefungwa mnyororo,
ufunguo anao mtu aliyehamia Kasulu.

Ofisa akasimama, akajifuta shingo:
"Mchakato unaendelea."

Mchakato! Jamani, ni mnyama gani huyu?
Miaka mitatu anaendelea, hajafika Gungu.
Konokono angekwishafika, akazaa, akazeeka.

Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Kisha nikaona kicheko ndicho walichokuwa wakikingoja:
kikitulia, mtu anaombwa afunge kwa sala.

Nikabaki nimesimama.
Kipaza sauti kikazimika. Umeme, wakasema, nao ni changamoto.
Sauti hii imeuza mawese miaka ishirini,
haihitaji waya.
"Msifunge," nikasema. "Someni kwanza mlichoandika."

Karani, binti mdogo, Elevania,
akamtazama mwenyekiti, akatazama daftari,
akasoma kama anayeungama:
"Mengineyo. Mama mmoja aliuliza kuhusu koki."

Hakuna aliyekohoa.

Nikapita katikati ya viti vya wageni,
nikaiweka koki juu ya ukurasa wake,
na kaunta buku kando ya koki.
Futa "mama mmoja", nikamwambia. Nina jina.
Ila usianze na langu, anza na Ntakije.
Herufi ya kwanza N, kubwa.
Andika, mwanangu.
Jua bado lipo kidogo.