Kinachocheza

Kazi yangu ni lifti. Miaka ishirini na sita
ndani ya mashimo ya hospitali za Sheffield,
tochi mdomoni, spana mkononi,
nikitafuta kinachocheza ili nikikaze.
Nati ikicheza, kaza. Mlango ukicheza, kaza.
Mpaka presha ikapanda na jicho la kushoto likaanza kucheza,
na kwa jicho sina spana.

Muuguzi akanipa karatasi yenye anwani:
Jumamosi, saa nne, ukumbi wa kanisa la zamani
juu ya kile kilima kinachowatoa watu ulimi nje.
Mabenchi yaliuzwa. Harufu ya mishumaa na makoti mabichi ilibaki,
na dirishani, mahali pa maua,
Budha wa mbao, sikio moja limevunjika.

Bi Morwenna akagonga bakuli la shaba.
"Kaeni," akasema, kwa lugha yake,
lakini mimi nilisikia kwa yangu:
kaa kitako, kaa kimya, kaa chonjo.
Nikakaa. Pumzi ikaingia, ikatoka.
Nikawaza bili ya gesi. Pumzi ikatoka.
Nikawaza kwamba pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja
na mimi sijawahi kuwaalika pamoja.
Goti likaniuliza: una umri gani vile?
Kaa. Kaa la moto chini ya jivu.
Kaa mwenye magando, yule wa upande upande.

Bakuli likalia tena. "Sasa, chezeni."
Lugha yake ina maneno mawili hapo, akayatamka yote,
moja la ngoma, jingine la watoto,
kisha akahangaika kutafuta la tatu, la kitu kilicholegea.
Nikamhurumia. Sisi tunalo moja tu,
linatosha ngoma, mpira, bao na jino bovu.

Lakini mcheza kwao hutunzwa.
Mcheza ugenini, soksi imetoboka kidole gumba,
nani atamtunza?
Nikasimama kama nguzo ya umeme.
Gethin, dereva wa basi mstaafu,
alikuwa tayari moshi, au mwani, sikuelewa.
Parveen, daktari wa meno, anabingirika sakafuni kama donge la sufu.
Basi nikafanya nilichoambiwa kwanza: nikawa kaa.
Viganja chini, tumbo juu, upande upande
mpaka kwenye hita, nikarudi.
Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonichekesha.

Kisha magoti yenyewe yakakumbuka kazi:
yakashuka, yakapanda, polepole, ghorofa ya kwanza, ya pili.
Nikafungua milango kwa mikono.
Gethin akaingia. Parveen akaingia. Wakaingia wote kumi na mmoja,
wakageukia mlangoni, macho juu,
bega kwa bega bila kugusana,
vile wanavyosimama watu ndani ya lifti zangu kila siku:
hakuna salamu, hakuna jina, pumzi tu.
Miaka ishirini na sita nimewapandisha watu wakitafakari
nikidhani wana kiburi.

"Imekwama," nikasema.
Tukakwama. Dakika nzima tulikwama vizuri kabisa.
Mvua ikapiga vioo. Tramu ikalia bondeni.
Halafu Parveen akanibonyeza pua, kama kitufe,
na ukumbi ukapasuka.

Tulipokaa tena, kicheko kilikuwa bado tumboni,
kikipanda, kikishuka, hakina pa kutokea.
Sikukikaza.

Jumatatu, ghorofa ya saba, wodi ya wazee,
nikakuta reli ya mlango inacheza.
Nikatia spana, nikazungusha, nikaacha nafasi ya unywele,
kama nilivyofundishwa nikiwa kijana, na nikasahau kwa nini.
Mlango ukafunguka. Bibi mmoja wa kiti cha magurudumu
akatazama juu, kwenye namba, akavuta pumzi.

Jicho la kushoto bado linacheza.
Kwetu wapo ambao wangesema nitalia, au nitapata mgeni.
Nimeliacha. Lina Jumamosi yake.